Kupandikiza Nywele: Mambo ya Kutarajia, Kuanzia Uchunguzi Hadi Mwezi wa 12

Maswali ni yaleyale kila mara. Inauma? Nywele zitaota lini? Mbona zimedondoka zote wiki ya tatu? Ndugu yangu anaweza kunipa za kwake? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kwa mtu ambaye hajawahi hata kuingia chumba cha uchunguzi. Haushiki nafasi ya daktari wako. Unakusaidia kuingia kwake ukijua cha kuuliza, na kutoka ukijua kilicho mbele yako.

Jambo moja lishike tangu sasa: upasuaji ni wa siku moja, ila kazi yake ni ya mwaka mzima, na nywele za kuhamishwa haziongezeki. Daktari hatengenezi nywele mpya. Anatoa mizizi kisogoni na pembeni mwa kichwa, anaipanda palipo na upara. Nywele za kisogoni hudumu kwa sababu mizizi yake haidhuriwi sana na DHT, homoni inayodhoofisha mizizi ya utosini na kwenye panja. Na zikihamishwa, huenda na uimara wake huo. Norman Orentreich, daktari wa New York, alilieleza hilo katika andiko lake la 1959, na upasuaji wa leo bado umesimama juu yake. Na kwa kuwa mzizi umehama wenyewe, sehemu ulikotolewa haioti tena. Kila mzizi una safari moja tu.

Na hapana, ndugu yako hawezi kukupa. Mwili wako utazikataa nywele zake kama unavyokataa kiungo chochote cha mtu mwingine, isipokuwa mkiwa mapacha wa kufanana kabisa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jibu la daktari wa ngozi kuhusu kinachokutoa nywele. Hili ndilo la kwanza, na ndilo linalorukwa zaidi.
- Kisogo chenye nywele nzito za kutosha.
- Vipimo vya damu: sukari, wingi wa damu, uwezo wa damu kuganda, homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya UKIMWI.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na vidonge vya lishe na dawa za mitishamba. Usifiche hata moja.
- Historia ya makovu yako. Kama kidonda kidogo, sindano au kutoboa sikio kuliwahi kukuachia kovu lililovimba na kuendelea kukua, sema mapema. Watu wenye ngozi nyeusi hupata makovu hayo zaidi, na daktari makini huanza kwa kupanda eneo dogo la majaribio na kulisubiri miezi kadhaa.
- Siku 7 hadi 10 ambazo hulazimiki kuonekana mbele za watu.
- Mtu wa kukurudisha nyumbani, mito miwili ya ziada, na mashati ya vifungo. Shati la kuvaliwa kichwani litang'oa vipandikizi, yaani mizizi iliyopandwa.

Hatua ya 1: Jua kwa nini nywele zinatoka

Upara wa kurithi, ule unaoanzia kwenye panja au utosini, ndio unaofaa zaidi kwa upasuaji huu. Lakini nywele hutoka kwa sababu nyingine pia: tezi ya thairoidi, upungufu wa madini ya chuma, kujifungua, homa kali, lishe duni. Mara nyingi nywele hizo hurudi chanzo kikitibiwa. Kupasuliwa kwa ajili hiyo ni kujitia jeraha bure.

Upo upara wa mabaka ya duara, ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia mizizi. Mipya ikipandwa, nayo inaweza kushambuliwa. Upo pia upara wa makovu, unaoua mizizi na kuacha ngozi laini inayong'aa isiyo na vitundu. Aina mojawapo huanzia katikati ya utosi na kusambaa nje, na huwapata hasa wanawake weusi, mara nyingi pamoja na mwasho au maumivu ya ngozi. Hapo daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na ugonjwa unatakiwa utulie kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kupanda chochote.

Dada uliyepoteza nywele za pembeni kwa kusuka kwa kubana miaka mingi, unaweza kupandikizwa na ukapata matokeo mazuri. Sharti ni moja: kubana kuishe kabisa. Ukirudia, nywele zilizopandwa zitafuata zile za mwanzo.

Ukiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nakusihi usikimbilie. Upara wako bado haujaonyesha unakoelekea. Ukipanda mbele leo, na nywele za asili zilizo nyuma yake zikaendelea kutoka, utabaki na ukanda wa nywele kwenye paji na uwazi nyuma yake, huku akiba ya kisogoni imeshatumika. Upasuaji hauzuii nywele nyingine kutoka. Kinachojaribu kuzuia ni dawa: minoksidili ya kupaka, na kwa wanaume finasteridi ya kumeza. Finasteridi kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuvuruga hisia, na mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba hatakiwi kuitumia. Zungumza na daktari kuhusu dawa kabla ya kuzungumza kuhusu kisu, maana hutakiwa zitumike miezi kadhaa ndipo zipimwe kama zinasaidia.

Hatua ya 2: Uliza nani atashika kifaa

Hapa ndipo watu wengi huumia. Unaongea na mtu wa mauzo, unaonyeshwa picha, unapewa tarehe. Siku ya upasuaji daktari anapita kukusalimia, na kazi yote inafanywa na watu usiojua walisomea wapi. Uliza waziwazi, na usubiri jibu la waziwazi:

- Nani atachora mstari wa mbele? Nani atatia ganzi? Nani atatoa mizizi, na nani atafungua vishimo vya kuipandia?
- Daktari huyo ana wagonjwa wangapi siku hiyohiyo?
- Naweza kuona picha za mwezi wa 12 za watu wenye nywele kama zangu, zilizopigwa kwenye mwanga uleule kabla na baada?
- Likiharibika jambo nikiwa nimesharudi nyumbani, nampigia nani?

Wasaidizi kupanga na kupanda vipandikizi ni jambo la kawaida, kwa sababu kazi ni ya saa nyingi. Lakini maamuzi na sehemu zinazokata ngozi ni za daktari.

*Angalizo:* kipandikizi kimoja hubeba unywele mmoja hadi nywele nne. Ukiambiwa "elfu nne", uliza ni nywele au ni vipandikizi, maana vipandikizi 2,000 tayari vinaweza kuwa nywele 4,000 hivi. Na anayekuahidi idadi kubwa ajabu kwa siku moja bila kukipima kisogo chako, mwache. Akiba ya maisha yote kwa watu wengi ni vipandikizi elfu kadhaa tu, na kisogo kilichokombwa hubaki na mabaka yasiyofichika.

Hatua ya 3: Chagua njia pamoja na daktari

Njia ni mbili, nyingine ni majina ya biashara tu.

FUE: mzizi mmoja mmoja unatolewa kwa kifaa cha duara chenye kipenyo cha takriban milimita moja au pungufu. Unabaki na vidoa vidogo vingi vilivyotawanyika. Usiamini neno "bila kovu". Kovu lipo, ila ni la nukta nukta.

FUT: ukanda wa ngozi unakatwa kisogoni, ngozi inashonwa, na ukanda unachambuliwa kwa hadubini kuwa vipandikizi. Kovu ni mstari mmoja, ambao utaonekana ukinyoa kipara. Huhitaji kunyolewa kisogo chote, jambo linalowafaa wengi wenye nywele ndefu.

Kama nywele zako ni za kipilipili, zingatia hili: hujipinda hata chini ya ngozi. Kifaa kikiingia moja kwa moja, kinakata mzizi ambao hakiuoni. Mtaalamu aliyezoea nywele hizi hutumia kifaa kipana kidogo, hufuata mkunjo, na hujaribu mizizi michache kwanza ili ajue imejipindaje. Muulize amewahi kufanya nywele kama zako mara ngapi. Upande wa faida, nywele hizi hufunika ngozi vizuri, kwa hiyo vipandikizi vichache huonekana vingi.

Hatua ya 4: Kubalianeni mstari wa mbele

Usiombe paji la uso la miaka 16. Mstari uliopandwa hautarudi nyuma kadiri unavyozeeka, na mstari wa chini sana hula vipandikizi ambavyo utosi utavihitaji baadaye. Mstari mzuri haujanyooka kama rula: una mapindo madogo, na safu za mwanzo ni vipandikizi vya unywele mmoja mmoja, vizito vinafuata nyuma. Ukichorwa, jitazame kwenye kioo ukiwa umesimama, kabla ya kunywa dawa yoyote ya kutuliza. Usipoupenda, sema hapohapo.

Hatua ya 5: Wiki mbili za mwisho

Acha sigara; nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo vipandikizi vinaitegemea. Pombe iache kwa takriban wiki moja. Aspirini, ibuprofeni, mafuta ya samaki na vitamini E huongeza kuvuja damu, kwa hiyo daktari huagiza visimamishwe. *Angalizo:* kama aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda uliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe. Aliyekuandikia ndiye aamue. Mwenye kisukari au presha ahakikishe vimedhibitiwa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kula vizuri asubuhi, isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Utapigwa picha, utanyolewa, utachorwa tena.

Ganzi ndiyo sehemu inayouma. Ni sindano nyingi fupi za lidokaini kuzunguka kichwa, na kwa dakika chache inachoma kwelikweli, hasa mbele karibu na panja. Lidokaini huchanganywa na adrenalini ili damu isivuje, na moyo unaweza kwenda mbio kidogo. Ukihisi hivyo, sema. Baada ya hapo unahisi kusukumwa na kuvutwa tu.

Kwanza utalala kifudifudi wakitoa mizizi. Halafu unageuzwa chali, vishimo vinafunguliwa, na kupanda kunaanza. Kipandikizi kikiwa kwenye kibano ni kitu cha milimita chache: unywele uliokatwa mfupi juu, mzizi chini, na mafuta meupe kiasi yanayouzunguka. Kikikauka kimekufa. Ndiyo maana vinawekwa kwenye maji maalumu ya baridi, na ndiyo maana timu inayochezea simu huku bakuli limeachwa wazi si timu unayoitaka.

Vipandikizi 1,500 hadi 3,000 huchukua saa 6 hadi 8, pengine zaidi. Utapumzika, utakula, utakwenda msalani. Ganzi ikianza kuisha, usivumilie kishujaa, inaongezwa.

Hatua ya 7: Siku kumi za mwanzo

Hizi ndizo siku zinazoamua. Kipandikizi bado hakijashika.

*Usiku wa kwanza hadi wa tano au wa saba:* lala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito kiasi cha nyuzi 45. Tandika taulo, utaona madoa ya waridi kwenye mto, si jambo la kutisha. Kipandikizi kikitoa damu, bonyeza taratibu kwa shashi safi dakika kadhaa bila kuinua-inua kuchungulia.

*Siku ya 2 hadi ya 4:* uvimbe unashuka kutoka kichwani kwenda kwenye paji, kisha kwenye kope. Wengine huamka jicho moja halifunguki sawasawa. Ni majimaji ya ganzi yanafuata mvuto wa ardhi, na huondoka yenyewe ndani ya siku chache. Barafu weka kwenye paji tu, kamwe si juu ya vipandikizi.

*Kuosha* huanza baada ya siku moja au mbili, kwa maelekezo ya kliniki yako. Koroga shampuu laini na maji ya vuguvugu hadi itoe povu, chukua povu kwa viganja, liweke juu ya vipandikizi na uliache litulie. Usisugue, usizungushe vidole. Suuza kwa kumimina maji polepole kwa kikombe. Bomba la bafu lenye nguvu lisikaribie. Kausha kwa kuacha hewa ipite. Kisogo unaweza kukigusa kwa vidole mapema zaidi.

Vigaga vyeusi vitafunika kila kishimo. Vitawasha. *Usivikwangue.* Kosa hili linaharibu kazi nzuri kuliko jingine lolote, na mara nyingi hutokea usingizini, kwa hiyo kata kucha fupi. Kufikia siku ya 7 hadi ya 10, vikiloweshwa kwa povu kila siku, huanguka vyenyewe. Tangu siku ya 10 hivi, vipandikizi huwa vimeshika, having'oki kwa urahisi.

Mazoezi mazito, jasho jingi, kuogelea na jua kali viache kwa wiki mbili hadi nne. Kama umeshonwa, nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14.

Hatua ya 8: Zitadondoka. Ziache zidondoke

Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele zilizopandwa hutoka, karibu zote. Hapa ndipo simu za kilio hupigwa. Unywele unaoanguka ni shina tu. Mzizi umebaki chini ya ngozi na umeingia mapumziko kwa sababu ya mshtuko wa kuhamishwa. Mche ukihamishwa kutoka kitaluni hupukutisha majani, nao haujafa.

Hata nywele zako za asili zilizo jirani zinaweza kudondoka kwa mshtuko huohuo. Zilizokuwa na afya hurudi. Zilizokuwa zimeshakonda sana kutokana na upara huenda zisirudi, na hilo ulijue kabla.

Mwezi wa pili na wa tatu utaonekana huna kitu, pengine pungufu ya ulivyoanza. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali palepale, mwanga uleule. Kujitazama kila asubuhi hakutakuonyesha chochote zaidi ya wasiwasi.

Hatua ya 9: Mwezi wa 3 hadi wa 12

Mwezi wa 3 au wa 4 vinyweleo vyembamba huanza kuchomoza, vingine vikiwa vimejikunja vibaya. Mwezi wa 6 utaona mabadiliko ambayo hata wengine watayaona. Unene na umbile huendelea kutengemaa hadi mwezi wa 12, na utosi huchelewa zaidi, wakati mwingine hadi mwezi wa 18. Upande mmoja kutangulia mwingine ni kawaida.

Kuhusu lini uanze tena minoksidili, mashine ya kunyolea, rangi, dawa ya kulainisha nywele au kusuka, fuata tarehe za daktari wako kwa kila kimoja. Kusuka kwa kuvuta kuwe kwa mwisho kabisa, na bora kusiwepo.

Likitokea hili, fanya hivi

*Kipandikizi kimeanguka na damu imetoka, siku za mwanzo.* Bonyeza kwa shashi hadi damu ikauke, piga picha, wajulishe kliniki. Usijaribu kukirudisha. Kimoja au viwili havitaonekana kwenye jumla.

*Unywele umetoka na kigaga chake, una kidonge cheupe mwishoni, hakuna damu.* Ni shina linalodondoka. Endelea kuosha.

*Vipele vidogo mwezi wa 1 hadi wa 4.* Mara nyingi ni nywele mpya zinazotafuta njia. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku husaidia. Usikamue. Vikizidi, vikiuma au vikisambaa, daktari aone.

*Ganzi kichwani haijaisha baada ya wiki kadhaa.* Mishipa midogo ya fahamu ilikatwa na inajiunga upya. Huchukua wiki hadi miezi. Kuwa mwangalifu na maji ya moto na vikaushia nywele, maana unaweza kuungua bila kuhisi.

*Maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, homa, usaha, wekundu unaosambaa.* Hayo ni maambukizi hadi ithibitike vinginevyo. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni hospitali nyingine.

*Sehemu ya ngozi inageuka ya kijivu au nyeusi, si kigaga bali ngozi yenyewe.* Damu haifiki. Ni nadra, ni dharura, usisubiri kesho.

*Kovu la kisogoni linavimba na kuwasha kupita eneo la jeraha.* Wahi. Sindano za steroidi hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.

*Mwezi wa 12 umefika na nywele ni haba.* Chukua picha zako za kila mwezi, rudi kwa daktari, mhesabu kwa kioo cha kukuza ni vipandikizi vingapi vimeota kwenye eneo lililopandwa. Mpime pia nywele za asili, kwa sababu mara nyingi zilizopungua ni hizo, na hapo kinachokosekana ni dawa. Awamu ya pili inawezekana, mradi kisogo kipimwe upya kwanza. Na kama waliofanya ya kwanza hawataki kukuonyesha kumbukumbu za upasuaji wako, peleka kichwa chako na picha zako kwa mtaalamu mwingine kabla hujakubali tarehe yoyote.